Kalenda ya Nani? Mazungumzo Kuhusu Ushirikiano wa Shule za Kanisa Baina ya Nchi

Ushirikiano wa shule za kanisa, kwa maana itakayotumika katika mazungumzo haya, ni mapatano ya kudumu baina ya shule mbili au zaidi zilizo katika nchi mbalimbali, ambazo zote zinamilikiwa au kulelewa na kanisa, dayosisi, jimbo au shirika la watawa, na ambazo zimekubaliana kubadilishana barua, walimu, wanafunzi, vitabu, fedha au sala. Mapatano ya namna hiyo hutofautiana na ufadhili, kwa kuwa katika ufadhili mmoja hutoa, mwingine hupokea na kushukuru, na habari huishia hapo, ilhali washirika hudaiana: kila upande una haki ya kuuliza na wajibu wa kujibu. Tofauti hiyo hutajwa katika takriban kila hotuba ya kuwakaribisha wageni, lakini katika utendaji imefifia mara nyingi, na sababu zake zimo katika historia ya shule zenyewe.

Bunju, kata iliyo ukingoni mwa kaskazini mwa Manispaa ya Kinondoni, inafaa kuwa mahali pa kulitazamia suala hili. Baada ya Tegeta na Boko, Barabara ya Bagamoyo inaingia katika eneo ambalo kwa muda mfupi limegeuka kutoka mashamba ya mikorosho na minazi kuwa makazi ya watu wanaotafuta viwanja vya kujenga, na penye watoto wengi na ardhi iliyokuwa ikipatikana, shule nazo zimeota, za serikali, za watu binafsi na za madhehebu. Tangu Januari 2016, serikali ilipoanza kutoa elimu bila ada mpaka kidato cha nne, mzazi wa Bunju anayempeleka mtoto shule ya kanisa analipa kwa hiari yake, mara nyingi kwa awamu, na kwa hiyo anayo haki ya kujua fedha, wageni na marafiki wa shule hiyo wanamfaidia nini mwanawe. Isitoshe, barabara hiyohiyo inaishia Bagamoyo, ambako uhusiano wa aina hii ulianza upande wa bara zaidi ya karne moja na nusu iliyopita.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamekwisha kukaa Unguja, walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakakusanya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, wakawapa darasa, karakana na shamba. Sehemu ya gharama za watoto hao ililipwa na watoto wengine. Mwaka 1843, Charles de Forbin-Janson, askofu wa Nancy katika Ufaransa, alikuwa ameanzisha chama cha Utoto Mtakatifu, ambamo mtoto Mkatoliki wa Ulaya alitoa sarafu ndogo kila mwezi na kusali sala fupi kwa ajili ya watoto wa nchi za mbali, kwanza wa China, baadaye wa Afrika pia. Sarafu hizo ndizo zilizofika Bagamoyo. Wazo lenyewe, kwamba mtoto ana deni kwa mtoto mwenzake asiyemjua, lilikuwa tukufu na bado ni tukufu, ila mpangilio wake ulikwenda upande mmoja tu: mtoto wa Nancy alichagua kutoa, lakini mtoto wa Bagamoyo hakuchagua kupokea, wala hakuulizwa angependa kumwambia nini yule wa Nancy. Ni jambo la kufurahisha kwamba chama hichohicho kimo leo katika parokia za Tanzania, na kwamba watoto wa Utoto Mtakatifu wa Dar es Salaam wanatoa sadaka yao kwa ajili ya wenzao wa nchi nyingine, jambo ambalo huenda waanzilishi wa 1843 hawakulitarajia.

Kwa upande wa Waanglikana, chanzo kilikuwa vyuo vikuu. Hotuba ya David Livingstone aliyoitoa Cambridge mwezi Desemba 1857 ndiyo iliyochochea kuundwa kwa UMCA, yaani misheni ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyoungwa mkono na Oxford, Cambridge, Durham na Dublin, na ambayo baada ya kushindwa kukaa katika nchi ya mto Shire ilihamia Unguja mwaka 1864. Huko ilianzisha shule ya wavulana ya Kiungani na shule ya wasichana ya Mbweni, ambayo ni Mbweni ya Unguja, isichanganywe na Mbweni iliyo jirani na Bunju. Kiungani palitokea walimu na makasisi, akiwemo Cecil Majaliwa, aliyepelekwa kwa muda kusoma Canterbury, akapewa ukasisi mwaka 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo, na akahudumu miaka mingi Chitangali, kusini mwa nchi. Safari ya Majaliwa inastahili kukumbukwa kwa sababu inaonyesha kwamba mwanafunzi wa Kiafrika kwenda kusoma kwa wenzake wa Ulaya si jambo lililobuniwa na miradi ya siku hizi. Kwenda kulikuwapo tangu mapema. Kilichokosekana ni Canterbury nayo kumtuma mwanafunzi wake aje Kiungani akae chini, afundishwe.

Kisha ikaja mitihani miwili ambayo haikupangwa na mtu yeyote. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kijerumani, wa Berlin, wa Leipzig na wa Bethel, walifukuzwa Tanganyika, na ilipoanza Vita ya Pili wale waliokuwa wamerudi wakawekwa kizuizini, hata Walutheri wa Marekani na wa Sweden wakalazimika kuzisimamia misheni zilizoachwa yatima. Katika vipindi vyote viwili rafiki wa ng'ambo alitoweka ghafla, pamoja na fedha zake, na katika sehemu nyingi waliobaki na ufunguo wa darasa walikuwa walimu wenyeji, waliofundisha kwa malipo kidogo au bila malipo. Vitabu vya historia ya makanisa huwataja walimu hao kwa haraka mno. Bila wao kusingekuwa na shule ya kushirikiana nayo wageni waliporudi, na mtu anayetaka kujua ni kipi katika ushirikiano kinachodumu hana budi kuanzia kwao.

Mtihani wa tatu ulitoka ndani ya nchi. Baada ya Azimio la Arusha na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, zote za mwaka 1967, Sheria ya Elimu ya 1969 iliiwezesha serikali kuzichukua shule za mashirika ya dini, zikiwemo Pugu, ambako Julius Nyerere alifundisha mpaka alipojiuzulu mwaka 1955, na Minaki, iliyorithi chuo cha Kiungani. Lengo lilikuwa haki: mtoto wa dhehebu lolote aingie shule yoyote, asibaguliwe kwa dini ya wazazi wake. Hata hivyo, kwa upande wa uhusiano wa kimataifa, matokeo yalikuwa kwamba makanisa yalibaki hasa na seminari na vyuo vichache, na marafiki wa ng'ambo wakaelekeza nguvu kwenye hospitali, visima na ujenzi wa makanisa. Mlango ulifunguliwa tena taratibu katika miaka ya 1980, na mwaka 1992 serikali ilitia saini hati ya makubaliano na Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ambayo ndiyo iliyozaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, chombo cha pamoja cha kuratibu shule na hospitali za makanisa. Shule nyingi za kanisa zinazoonekana leo pembezoni mwa Dar es Salaam zilizaliwa baada ya mwaka huo, na kwa hiyo zimeingia katika urafiki wa nchi za nje zikiwa changa, zenye madeni ya ujenzi, na zenye shauku kubwa ya kupata maabara.

Mfano ulio wazi zaidi wa ushirikiano wa kudumu unatoka nje ya Pwani. Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania na Sinodi ya Eneo la Saint Paul, iliyoko Minnesota, Marekani, zimeunganishwa tangu 1987 katika mpango unaoitwa Bega kwa Bega, ambao huoanisha usharika wa Iringa na usharika wa Minnesota, na ambao umewalipia ada ya sekondari vijana wengi. Waanglikana nao wana mapacha yao: Dayosisi ya Rochester imeungana na Mpwapwa, na uhusiano wa Wakefield na Mara sasa unaendelezwa na Dayosisi ya Leeds. Kinachofanana katika mifano hii ni kwamba kiungo kikuu ni dayosisi, na shule huingia kupitia mgongo wa dayosisi. Utaratibu huo una faida kubwa, kwani mkuu wa shule akihamishwa urafiki haufi pamoja na uhamisho wake, lakini una kasoro moja, kwamba mara nyingi mwalimu wa darasa husikia habari za ushirikiano siku wageni wanaposhuka kwenye basi.

Hapa ndipo inapofaa kusimama, kwa sababu hoja ya mazungumzo haya ni kwamba usawa katika ushirikiano haupimwi kwa maneno ya hati wala kwa kiasi cha fedha, bali kwa kalenda. Shule za Tanzania huanza mwaka Januari na kuumaliza mwanzoni mwa Desemba, zikiwa na likizo ndefu ya Juni. Darasa la saba hufanya mtihani wa taifa Septemba, kidato cha nne Novemba, kidato cha sita Mei, na kabla ya kila mtihani wa taifa ipo mitihani ya moko, yaani ya majaribio, ambayo wazazi wa shule za kulipia huifuatilia kwa karibu. Shule za Ulaya huanza mwaka Agosti au Septemba, na likizo yao kubwa huangukia Julai na Agosti. Kikundi cha wanafunzi kutoka Ujerumani au Uingereza kikija wakati kikiwa huru, kinakuta muhula wa pili wa Tanzania umeshika kasi na madarasa ya mitihani hayana saa ya ziada, na kikija wakati wa Pasaka, kinakutana na masika, ambapo barabara za ndani za Bunju hugeuka matope na kidato cha sita kinahesabu wiki zilizobaki. Katika miaka ambayo Ramadhani inaangukia hapo, sehemu ya majirani na ya wanafunzi wenyewe wamefunga, na sherehe ya chakula cha mchana ya kuwapokea wageni inahitaji kufikiriwa upya.

Kinachotokea kwa kawaida ni kwamba mwenyeji ndiye anayejikunja. Vipindi vinaahirishwa, kwaya inafanya mazoezi saa za hisabati, na wageni wanaondoka wakiwa wameona shule ikiimba lakini hawajaiona ikisoma. Hakuna aliyekusudia ubaya, maana ukarimu wa Pwani ni wa kweli na mgeni naye amekuja kwa moyo mweupe, ila mwanafunzi wa kidato cha nne aliyepoteza wiki mbili za Julai hatarudishiwa wiki hizo Novemba. Ushirikiano unaoheshimu pande zote mbili ungeanza kwa kuziweka kalenda mbili juu ya meza moja na kutafuta siku ambazo hazimuumizi yeyote, hata kama siku hizo ni chache, na hata kama maana yake ni kwamba mwaka huu hakutakuwa na ziara bali mazungumzo ya video.

Mazungumzo ya video nayo yana saa zake. Tangu mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, shule nyingi duniani zimezoea kukutana kwa njia ya intaneti, na watu hudhani kwamba umbali umekwisha. Wakati wa kipupwe cha Ulaya, saa tatu asubuhi ya London ni saa sita mchana Dar es Salaam, jambo linalowezekana; lakini saa mbili asubuhi ya Minnesota katika majira hayo ni saa kumi na moja jioni ya Bunju, wakati ambapo mabasi ya shule yamekwisha kuondoka na waliobaki ni wanafunzi wa bweni peke yao. Shule ya kutwa iliyoungana na shule ya Marekani inaweza kujikuta ina rafiki ambaye wanafunzi wake hawatamwona kamwe. Barua, ambazo wengi wameziona zimepitwa na wakati, hazina tatizo hilo, na humfundisha mwanafunzi kuandika kwa mtu asiyeweza kumkatiza.

Kikwazo kinachouma zaidi ni cha mpakani. Mwanafunzi wa Ulaya anayekuja Tanzania huomba viza kwa mtandao na kuilipia, kisha husafiri akiwa na uhakika mkubwa wa kupokelewa. Mwanafunzi wa Bunju anayealikwa Ulaya huanza na pasipoti ya kielektroniki, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, kisha huomba viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, ambayo ada yake ya kawaida tangu Juni 2024 ni yuro 90 kwa kila mwenye umri wa miaka 12 na kuendelea, akiambatanisha kibali cha wazazi, bima ya safari na ushahidi wa fedha, na baada ya yote anaweza kunyimwa, na ada hairudishwi. Shule mshirika haiwezi kuibadilisha sheria ya nchi yake, lakini inaweza kubeba gharama ya ombi lililokataliwa, inaweza kuandika barua ya mwaliko miezi mingi kabla, na inaweza kuamua kwamba ikiwa kikundi cha Dar es Salaam kimenyimwa viza, ziara ya kwenda Dar es Salaam haitakuwa ya upande mmoja miaka mitatu mfululizo. Uamuzi wa namna hiyo ungekuwa mchungu kwa vijana wa Ulaya waliokwisha kuchangisha nauli, na pengine ndiyo sababu hauchukuliwi.

Kuhusu fedha yapo mengi yaliyokwisha kusemwa, na hapa patajwe mawili tu. Kwanza, ada inayolipwa na rafiki wa nje kwa mtoto mmoja mmoja huwa na upendo ndani yake, lakini humlazimu mtoto huyo kuandika shukrani kila muhula kwa mtu ambaye hawezi kumpinga, na darasani humtenga na wenzake; mfuko wa pamoja unaosimamiwa na bodi ya shule hufanya kazi ileile bila aibu hiyo. Pili, picha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda heshima na faragha ya mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza masharti juu ya kukusanya na kusambaza habari za mtu, lakini picha za wanafunzi wa Kitanzania, na pengine majina yao na historia za familia zao, bado huonekana katika mabango ya kuchangisha fedha katika kumbi za ng'ambo, ambako picha ya mwanafunzi wa shule ya hukohuko isingebandikwa bila saini ya mzazi. Mzazi wa Bunju anastahili karatasi ileile ya kutia saini, iwe kwa Kiswahili, na awe huru kukataa bila mtoto wake kupoteza chochote.

Ipo pia hazina iliyo karibu ambayo hutazamwa mara chache. Shule za Wajesuiti za Afrika Mashariki, kama Loyola iliyoko Mabibo, Mtakatifu Petro Klaveri ya Dodoma, Mtakatifu Aloisi Gonzaga ya Nairobi na Ocer Campion ya Gulu nchini Uganda, zimo katika kanda moja ya shirika moja, na walimu wake wanaweza kukutana bila yeyote kupanda ndege ya kwenda Ulaya. Masista na mabruda wa mashirika mengine wana nyumba na shule pande zote za mipaka hiyo, na dayosisi za Kilutheri na za Kianglikana zina jirani zao Mombasa na Bujumbura. Basi la kwenda Mombasa huondoka Dar es Salaam alfajiri na kufika siku hiyohiyo, kalenda ya Kenya nayo huanza Januari, na lugha ya mazungumzo ipo tayari. Kwamba shule ya Kinondoni hupata rafiki Ulaya kabla ya kumpata Mombasa ni jambo linaloeleweka, kwa kuwa Mombasa haileti maabara, lakini ni jambo la kusikitisha.

Mwisho wa yote huulizwa kama shule ya pembezoni mwa Dar es Salaam ina kitu cha kutoa. Jibu limo ndani ya madarasa yake. Katika Pwani, shule ya kanisa kuwa na wanafunzi Waislamu si habari. Mzazi Mwislamu humleta mtoto kwa sababu ya nidhamu na matokeo, mwalimu Mkristo hujua siku za mfungo na namna ya kuendesha ibada ya asubuhi bila kumlazimisha wala kumdharau mtoto wa dini nyingine, na anapokosea, majirani humweleza. Huu ni ujuzi uliopatikana kwa miaka mingi ya kuishi pamoja na kwa migogoro ambayo ilibidi isuluhishwe. Katika miji ya Uingereza kama Bradford, zipo shule za Kanisa la Anglikana ambazo wanafunzi wake wengi ni Waislamu, na walimu wake wanatafuta namna ya kufanya jambo hilohilo. Kwa suala hili mwalimu wa Bunju ndiye mkufunzi, na kama ushirikiano ungemkaribisha aende akafundishe juma zima badala ya kwenda kushukuru, uhusiano ulioanza na sarafu za watoto wa Nancy ungekuwa umebadilisha mwelekeo.

Bodi za shule nyingi za kanisa hukaa kabla ya muhula wa Januari kupitisha bajeti na ratiba ya mwaka. Bodi ambayo shule yake ina mshirika wa ng'ambo inaweza, katika kikao hicho, kuomba kalenda ya mshirika, kuiweka kando ya ile ya Baraza la Mitihani, kuwaita mwalimu wa taaluma na wawakilishi wa wazazi, na kuandika kwa Kiswahili sanifu majuma ambayo shule haitapokea mgeni yeyote, pamoja na somo moja ambalo shule iko tayari kulifundisha kwa upande wa pili.